Mahari ya Cherehani

Siku ya kuniaga nilipostaafu mlinipa saa ya ukutani, nami nikashukuru sana, maana hakuna anayehitaji kujua saa kama mtu asiye na pa kwenda. Mkaniomba pia niandike machache kuhusu kazi zangu za zamani, yatakayowafaa vijana. Vijana hufaidika na mambo mengi, na kusoma si mojawapo, lakini ahadi ni deni. Habari za vyeo nitaziruka. Walionipita wanajijua, na niliowapita mpaka leo wananinunia. Nitaandika habari za cherehani moja na mjane mmoja, na jinsi nilivyokaribia kumharibia kesi yake kwa kumsaidia.

Niliajiriwa miaka ya hamsini, hapo Tanga mjini, katika kazi iliyoitwa usaidizi wa maendeleo. Watu wa mtaa wa Ngamiani hawakuwa na muda wa jina refu hivyo, wakaniita Bi Maendeleo. Nilikuwa binti wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, nimesomeshwa na misheni, nimeolewa kanisani na mwalimu, na nilijua kila kitu. Siku ya kwanza nilikabidhiwa baiskeli yenye wavu wa kuzuia sketi isinaswe na gurudumu, pamoja na sanduku la mbao. Ndani ya sanduku mlikuwa na sindano za kufumia, madonge ya sufu ya kijivu, na kitabu cha picha za matunda ya Ulaya ambayo mimi mwenyewe sikuyajua majina. Nikaambiwa hivyo ndivyo vifaa vya kuwainua wajane.

Mkubwa wangu alikuwa Memsabu, mke wa ofisa mmoja wa serikali, mama mwenye moyo mwema na kofia pana. Alikuwa ameamua kwamba mjane wa Tanga atajitegemea kwa soksi za sufu. Kila Jumatatu saa nane mchana wajane walitakiwa wafike kwenye baraza ya nyumba yake huko Raskazone, wafume soksi, kisha wafundishwe kuoka keki katika jiko la umeme, kitu ambacho hakuna hata mmoja wao aliyekuwa nacho. Mnalijua joto la Tanga. Mchana ule hata kuku hawavuki barabara. Nilimuuliza Memsabu kwa adabu ni nani atakayezinunua soksi hizo. Akaniambia soko litafuata. Nadhani bado linafuata.

Kazi yangu mimi ilikuwa kuwatafuta wajane nyumba kwa nyumba, kuwaandika kwenye fomu na kuwahimiza. Fomu ilikuwa na maswali ishirini. La kwanza lilimtaka mjane aeleze tatizo lake, na nafasi ya kujibu ilikuwa mstari mmoja.

Wiki ya pili nilifika nyumbani kwa Bi Mwanakombo. Mumewe, Fundi Salehe, alikuwa amezikwa siku chache tu zilizopita. Ngamiani nzima ilimjua marehemu, kwa kuwa alikaa barazani miaka tisa akishona kanzu na suruali, na alikuwa hodari wa kuongea kuliko wa kumaliza nguo za watu. Nilipiga hodi, nikakaribishwa uani na bibi mmoja aliyekaa mkekani akisuka ukili wa mkeka mwingine. Huyo alikuwa Bi Riziki, shangazi yake Mwanakombo, aliyetoka kijiji cha Moa kuja kukaa naye eda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Sanduku hilo ndilo la dawa?"

Nikamwambia si la dawa, ni la soksi. Akalitazama kwa huruma.

Mwanakombo alikuwa ndani, amevaa nguo nyeupe, hana hata hereni. Nilimkuta kijana kuliko nilivyotarajia, hajatimiza hata thelathini na mitano. Nikamweleza habari za Raskazone, tena kwa ufasaha, mikono yangu ikionyesha jinsi mtu anavyoinuka. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwa upole kwamba yumo edani, hatoki mpaka miezi minne na siku kumi itimie, na kwamba akitoka hatakwenda kufuma soksi, atakwenda kutafuta cherehani yake.

Hapo ndipo nilipoanza kazi yenyewe, ingawa fomu haikuwa na nafasi yake.

Habari ilikuwa hivi. Mwanakombo alipoposwa, mama yake, ambaye naye alikuwa mjane na alikuwa ameona mengi, alikataa mahari ya fedha. Alisema fedha huliwa zote hata kabla ya hina kukauka. Akataka cherehani. Fundi Salehe wakati huo hakuwa fundi wa kitu chochote, alikuwa akipakua magunia bandarini. Akahangaika, akaipata, akaitoa mbele ya mashahidi wawili, ndoa ikafungwa. Ushonaji alikuja kufundishwa na mkewe, usiku kwa usiku, mpaka akaweza kukaa barazani na kuitwa fundi. Mwanakombo alikata nguo ndani, mume akazishona nje, na sifa zikabaki nje pamoja na mume. Kwa hiyo mji mzima ulimwona Salehe na cherehani yake. Mwenye mali alikuwa nyuma ya pazia, na mkasi mkononi.

Matanga yalipoanuliwa siku ya tatu, ndugu wa marehemu, Bwana Athumani, aliibeba ile cherehani akasema anakwenda kuihifadhi. Bwana Athumani alikuwa karani wa stoo katika shamba la mkonge, mtu wa kola ngumu na kalamu mbili mfukoni. Aliihifadhi vizuri sana. Mwezi haujaisha alikuwa ameshaahidiana na fundi mmoja wa Muheza aje kuinunua, kwa hoja kwamba ni mali ya urithi na mjane atapewa fungu lake. Sijui robo ya cherehani inashona nini.

Bi Riziki hakuwa mtu wa kulia pembeni. Alikwenda kwa Kadhi, na Kadhi akaamuru cherehani isiuzwe mpaka shauri lisikilizwe. Hapo pana jambo, na nawaomba mlishike vizuri kwa sababu ndilo lililobeba yote. Katika wale mashahidi wawili wa mahari, mmoja alikuwa ameshafariki. Aliyebaki ni mzee mmoja wa Moa. Shahidi mmoja peke yake hatoshi, ila mwenye kudai akija mwenyewe akala yamini, yaani akaapa, mbele ya Kadhi, shahidi mmoja na yamini hiyo vinasimama. Mwanakombo asipokuwepo, basi hana kitu. Na yumo edani.

Nilimuuliza Bi Riziki kama sheria hairuhusu mjane kutoka mchana kwa haja kubwa. Akasema sheria inaruhusu, majirani ndio hawaruhusu. Mwanamke akionekana njiani kabla ya eda kwisha, Athumani atapata la kusema msikitini mwaka mzima, na nani atampelekea nguo mwanamke aliyesemwa? Nikauliza kama hawezi kuwakilishwa. Akasema anaweza, na ndugu mwanamume wa karibu kwa hapa mjini ni shemeji yake, Bwana Athumani. Nikafunga sanduku langu.

Nilirudi ofisini nikaandika kwenye fomu kwamba Bi Mwanakombo hawezi kufika Raskazone kwa sababu yumo edani. Memsabu akaisoma, akaniuliza kama inaambukiza. Nikaeleza. Akatikisa kichwa kwa masikitiko, na kesho yake akanipa chupa ya kwinini nimpelekee mgonjwa. Nikaipeleka, maana kazi ni kazi. Bi Riziki alimeza vidonge viwili kwa heshima ya Serikali, akashinda anasikia ngoma masikioni.

Miezi ile niliingia nyumba ile kila wiki. Kwa mujibu wa ripoti zangu nilikuwa nikimhimiza mjane. Kwa kweli nilikwenda kwa sababu pale palikuwa na kazi. Mnajua desturi: mjane hatoki, lakini wanawake huingia kumliwaza. Waliingia asubuhi na jioni, na Mwanakombo hakuwa na subira ya kuliwazwa mikono ikiwa mitupu. Alitandika magazeti chini, akawafundisha kukata. Alianza na gauni la mtoto, akafuata kanzu, mwisho shati la kola. Walishona kwa mkono kwa kuwa cherehani ilikuwa bado inahifadhiwa. Miongoni mwao walikuwamo wajane wanane, wale wale niliokuwa nikiwafuata kwa baiskeli hadi miguu inaniuma, nao wakinijibu kwamba Raskazone ni mbali. Niliwaletea mkasi mzuri wa ofisi na chaki. Soksi sikuzitaja tena. Raskazone kulibaki bibi mmoja kiziwi aliyependa keki.

Mwezi wa nne ulipoanza kwisha, nilikutana na karani wa baraza la Kadhi. Akanipa habari kwamba shauri limepangwa Alhamisi ya wiki ijayo. Kadhi alikuwa safarini upande wa Pangani, na siku ile ile aliyorudi Bwana Athumani alimwahi, akaomba Alhamisi, akasema yeye ni mtu wa kazi na siku nyingine hazimfai. Kadhi alimtazama sana, kisha akasema Alhamisi ni siku njema.

Nilikimbilia kalenda ya ofisi. Nikahesabu tangu tarehe aliyokufa Fundi Salehe, miezi minne, kisha siku kumi. Nikahesabu tena kwa kidole. Eda ilikuwa inakwisha Jumamosi. Siku mbili tu! Na Ijumaa yule fundi wa Muheza angekuja kuichukua cherehani, imeshahukumiwa. Niliona ujanja wote wa Athumani, na nakiri kwamba nililia, kisha nikafanya kile ambacho watu tuliosoma hukifanya tukishindwa. Nikaandika barua. Niliiandika kwa Kiswahili cha ofisi, chenye "kwa heshima na taadhima" mara tatu, nikimwomba Kadhi aahirishe shauri kwa wiki moja na nikimpa nakala Bwana Athumani, kama ulivyo utaratibu mwema.

Namshukuru Mungu kwamba nilipita Ngamiani kwanza ili wanisifu.

Niliwasomea barua yote. Kisha Mwanakombo akacheka, mara ya kwanza tangu nimjue, akacheka mpaka akajifunika uso kwa upande wa nguo. Bi Riziki hakucheka. Aliweka ukili chini.

"Mwanangu, huo mwezi wako wa ofisini huandama wapi? Umepata kuuona hata siku moja?"

Nikaitazama barua yangu, yeye akaendelea.

"Salehe alikufa jioni ulipoandama mfungo tano, mwezi wa tano baada ya Ramadhani. Tuliuona mwezi, tukarudi ndani, akakata roho. Tano, sita, saba, nane. Na siku kumi za mfungo tisa. Mjane hakai eda ya kalenda."

Akaniambia nihesabu mwenyewe. Miezi yao minne ilikuwa na siku ishirini na tisa, au thelathini, hakuna zaidi. Yangu ilikuwa imejaa thelathini na moja, kama iliyopangwa na mtu mwenye hamu ya kumfungia mjane ndani. Eda ilikuwa inakwisha Jumanne, jua likizama. Jumatano ni kuoga na kubadili nguo. Alhamisi Mwanakombo alikuwa mtu huru kama mimi, na kwa jinsi mambo yalivyokuja kudhihirika, huru kuliko mimi.

"Na Bwana Athumani hajui?" nikauliza.

"Athumani ana kalenda ya shamba, yenye picha ya meli," akasema Mwanakombo. "Tarehe zake zote anazitoa humo. Eda ni mambo ya wanawake, atayahesabu yeye? Barua yako nzuri sana, Bi Maendeleo. Ichane."

Nikaichana. Sijawahi kuchana kitu kizuri hivyo. Ningeipeleka, Athumani angeuliza kulikoni, mtu angemhesabia, naye angebadilisha siku au angeiuza cherehani kabla. Nilikuwa nimekwenda kumwokoa mjane nikiwa na kamba ya kumfunga, imeandikwa kwa mkono safi na kugongwa mhuri. Wanawake wote wa Ngamiani walijua Jumanne ni siku gani. Wanaume hakuna aliyejua, kwa kuwa hakuna aliyeuliza.

Alhamisi nilifika barazani mapema, nikakaa benchi la nyuma. Yule mzee wa Moa alikuwa ameshafika tangu jana yake, amekaa na bakora yake. Bwana Athumani alikuja na kola yake na kalenda yake imekunjwa mfukoni. Kadhi alipouliza mdai yuko wapi, Athumani akasimama kwa unyenyekevu mwingi.

"Sheikh, mjane yumo edani mpaka Jumamosi. Si vizuri kumsumbua. Sheria imwache apumzike, sisi tumalize."

"Umehesabu wewe mwenyewe?" Kadhi akauliza.

"Naam. Kwa tarehe." Na akaitoa kalenda, akaikunjua, akaonyesha.

Kadhi aliipokea akaitazama ile meli kwa makini. Akasema ni meli nzuri. Kisha akawauliza wazee waliokaa ukutani leo mwezi una siku ngapi. Wakajibu pamoja, bila hata kuangaliana: kumi na mbili, mfungo tisa. Kadhi akamrudishia Athumani kalenda yake, na hapo hapo Mwanakombo akaingia, buibui jipya, Bi Riziki nyuma yake. Athumani alibaki amesimama, kidole bado kiko kwenye Jumamosi.

Mengine hayakuchukua muda. Mzee wa Moa alitoa ushahidi kwa sentensi mbili. Mwanakombo akaapa juu ya msahafu kwamba cherehani ni mahari yake, aliipokea yeye, hakuitoa zawadi wala hakuiuza. Sauti yake haikutetemeka. Yangu ingetetemeka. Kadhi akasema mahari ya mwanamke si urithi wa mume, wala wa ndugu wa mume, wala wa ndugu wa mume mwenye kalamu mbili, na cherehani irudi leo kabla ya adhuhuri, na airudishe aliyeichukua. Athumani akatafuta mchukuzi. Siku hiyo, kwa bahati ya ajabu, kila mchukuzi wa Ngamiani alikuwa na shughuli, maana wote wana mama na dada. Akaibeba mwenyewe begani, kola ikalowa, akapita nayo barabara zote, wanawake wakitoka milangoni kumpa pole ya kazi.

Mwaka haujaisha, Mwanakombo alikuwa na mashine tatu na wajane wanane wanaoshona sare za shule, wanaokula jasho lao na wanaoulizwa neno shughuli za mtaa zinapopangwa. Memsabu aliandika ripoti kwa wakubwa zake kueleza kwamba mafanikio haya ni matunda ya soksi. Alipewa barua ya pongezi. Nilimsomea Bi Riziki tafsiri yake, akaniomba niisome tena ile sehemu ya sufu.

Ningeweza kumaliza hapo, nanyi mngenipigia makofi. Lakini siku ile ya hukumu, baada ya Athumani kuitua cherehani na kuondoka, tulikaa uani tunakunywa kahawa, nami nilikuwa nimefura kwa fahari kana kwamba nimeapa mimi. Nikamwambia Mwanakombo kwamba nitaandika habari zake ili wajane wengine wajifunze haki zao. Alikuwa anaifuta cherehani vumbi. Akaniuliza bila kunitazama:

"Na wewe, bwana wako akifa kesho, Mungu amweke, chako ni kipi?"

Nikafungua kinywa. Nyumba ilikuwa ya misheni. Kitanda, meza na redio alivinunua mume wangu. Mshahara wangu aliupokea yeye kila mwezi, kwa kuwa ndivyo tulivyofunzwa kwamba ndoa njema huenda, na alikuwa mtu mwema, sina la kumsema. Baiskeli ilikuwa ya ofisi. Sanduku la ofisi. Nilikuwa na pete moja na sketi mbili, na miezi minne mizima nilikuwa nikipanda ile baiskeli kwenda kuwafundisha watu kujitegemea. Niliona aibu, tena hofu, nikaweka kikombe chini. Mwanakombo aliendelea kuifuta cherehani mpaka nikaondoka.

Jumamosi yake nilirudi. Sikuja na baiskeli wala fomu. Nilikaa mkekani pamoja na wale wajane, na zamu yangu ilipofika nikapewa vipande viwili vya kitambaa cha amerikani na nafasi kwenye cherehani. Nilishona mshono wangu wa kwanza ulimi nje, nikampelekea. Mwanakombo akaushika, akautazama nje na ndani, akanirudishia.

"Fumua," akasema. "Anza tena."

Nikafumua.